Sweta lisilo na vifungo: shajara ya mradi wa joto la watoto wachanga, Njombe

Machi

Tumeanza kwa kusoma mafaili ya mwaka jana. Miezi ya baridi ilikuwa na watoto kadhaa waliozaliwa na uzito mzuri, wakalia vizuri, kisha ndani ya saa chache wakahamishiwa chumba cha watoto wagonjwa kwa maelezo mafupi: "hanyonyi, amelegea". Ukitafuta joto la mwili lilikuwa ngapi kabla hajalegea, nafasi iko wazi au imeandikwa 36.5. Faili la Jumatatu 36.5, la Alhamisi 36.5, miandiko tofauti. Aliyefanya kazi leba anaitambua namba iliyopimwa na namba iliyoandikwa ili ukurasa ujae.

Chetu ni kituo cha afya chenye leba, chumba kidogo cha watoto wagonjwa na chumba cha upasuaji, mkoani Njombe. Huku kati ya Juni na Agosti joto la usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na ukipanda kuelekea Makete na uwanda wa Kitulo unakuta sakitu kwenye majani asubuhi. Mtumishi mpya akipangiwa kutoka Dar es Salaam anadhani tunamtania tukimwambia aje na koti zito mwezi wa saba. Leba haina kitu cha kupasha joto chumba. Ina wama moja, kile kitanda cha mtoto chenye taa ya joto kwa juu, na taa hiyo inategemea umeme uwepo.

Sababu ya kulivalia njuga jambo hili sasa ni hesabu ya nchi nzima. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulionyesha kwamba vifo vya watoto chini ya miaka mitano vimeshuka hadi 43 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, kutoka 67 katika utafiti wa 2015-16. Vya watoto wachanga, yaani ndani ya siku 28 za kwanza, vimetoka 25 hadi 24 tu. Lengo la dunia kwa 2030 ni visizidi 12. Utafiti huohuo unasema asilimia 81 ya watoto sasa wanazaliwa kwenye vituo vya kutolea huduma. Kwa hiyo baridi inayompata mtoto dakika ya kwanza ni baridi ya kwetu, ya jengo letu na utaratibu wetu, hatuwezi tena kuisukumia nyumbani kwa watu.

Mganga mfawidhi amekubali. Lengo tumeliandika hivi: kila mtoto apimwe joto la mwili kwapani inapotimia saa moja tangu azaliwe, na awe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Mambo ya mabango na fulana tumeyaacha.

Aprili

Kabla ya kumfundisha mtu yeyote tukaona tuulize kwanza watu wanajua nini. Maswali yalikuwa ya karatasi, bila kuandika jina. Waliojibu ni wauguzi, wakunga, matabibu, pamoja na wahudumu wanaofanya usafi na kubeba vifaa leba, maana hao ndio wanaofungua madirisha.

Nilitarajia pengo kubwa la ujuzi. Halikuwepo pale nilipolitarajia. Karibu wote waliandika kwamba mtoto afutwe akauke mara tu anapozaliwa, awekwe ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama, anyonye ndani ya saa ya kwanza, na asiogeshwe mpaka saa 24 zipite. Mmoja aliorodhesha hatua zote kumi za mnyororo wa joto kama zilivyo kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 1997, kuanzia chumba chenye joto hadi mafunzo na uhamasishaji. Huyo yuko zamu ya usiku, na mafaili yake nayo yana 36.5 mfululizo.

Walipokwama ni kwenye mpaka wa chini. Wengi walitaja 35, wengine 36. Mtoto mwenye 36.2 kwao ni mzima, wakati kwa vipimo vya WHO ameshaanza kupoa: 36.0 hadi 36.4 ni dalili ya kwanza, 32.0 hadi 35.9 ni hatari ya kati, chini ya 32 ni dharura. Wa 36.2 ndiye wa kumwahi, kwa sababu kumrudisha kunahitaji kifua cha mama na kanga kavu tu. Ukimngoja afike 35 umeshaongeza mapambano ya sukari kushuka na kupumua kwa shida.

Pengo la pili lilikuwa jinsi joto linavyomtoka mtoto. Maji ya mwilini yanapokauka, hilo walilijua. Kulazwa juu ya kitu cha baridi na kupigwa na upepo, walilitaja baada ya kuchokonolewa kidogo. Hakuna aliyetaja ukuta. Mtoto aliyekauka, asiyeguswa na upepo, bado anapoteza joto kwenda kwenye ukuta na kioo cha baridi kilicho karibu naye, hata kama hagusani nacho. Na wama yetu iko wapi? Imeegemezwa ukuta wa nje, chini ya dirisha, kwa sababu soketi iko pale.

Kuna aliyeuliza swali zuri: mbona mtoto hatetemeki, si angetetemeka kama anasikia baridi? Mtoto mchanga hana uwezo huo wa kutetemeka kama mtu mzima. Anachoma akiba ya mafuta ya kahawia aliyonayo shingoni, mgongoni na kuzunguka figo, na kazi hiyo inakula oksijeni na sukari. Kwa nje anaonekana ametulia. Mwongozo wa WHO unatoa kipimo ambacho kimebaki kichwani mwangu: mtoto aliyetimiza miezi, akiwa uchi kwenye chumba cha nyuzi 23, anapoteza joto kwa kasi sawa na mtu mzima aliye uchi kwenye nyuzi 0. Kwetu Njombe nyuzi 23 ni siku ya kuvua koti.

Kutokana na majibu haya semina ya ukumbini tumeifuta. Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, ilishapita njia hii kwenye somo la jirani, la kumsaidia mtoto kupumua. Matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha kwamba baada ya kozi ya siku moja watumishi walifanya vizuri zaidi kwenye mwanasesere wa mazoezi, lakini walivyohudumia watoto halisi wodini hakukubadilika. Walipoyageuza mafunzo kuwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, vifo vya saa 24 za kwanza vikapungua. Kwa hiyo fedha ya ukumbi, chai na posho imekwenda kwenye taulo, vipimajoto na vioo vya dirisha. Wapo walionung'unika kuhusu posho, na siwalaumu, mshahara wa muuguzi tunaujua.

Mei

Mwezi mzima umekuwa wa kuangalia. Nimekaa pembeni ya leba, mchana na usiku, kwa ruhusa ya akina mama, nikiandika kinachofanyika na mtoto dakika kwa dakika. Nimejitahidi kutosaidia isipokuwa pale palipokuwa na hatari, jambo gumu kuliko nilivyodhani.

Picha inayojirudia ni hii. Mtoto anatoka. Mkunga anamfuta kwa kanga ya mama, vizuri kabisa, mgongo na kichwa. Kanga sasa imelowa, lakini ndiyo hiyohiyo anayomfunikia, kwa sababu ya pili imetandikwa juu ya makintoshi, lile shuka la plastiki, chini ya mama na ya tatu mama amejifunga. Anakata kitovu. Anamnyanyua mtoto na kumpeleka kwenye mizani. Mizani ni ya chuma, haina kitambaa. Nimeigusa kwa kiganja usiku wa manane, ni kama sufuria lililolala nje. Mtoto analia sana pale, na kila mtu chumbani anafurahi kwamba analia. Kisha wama, ambayo ndiyo kwanza inawashwa, na shuka lake bado la baridi. Analazwa pale na ile kanga mbichi, na mkunga anarudi kwa mama.

Kwa nini mizani mapema hivyo? Niliuliza. Jibu ni kitabu namba 12 cha MTUHA, rejista ya serikali ya akina mama wanaojifungua: uzito una safu yake, na mtu akimaliza safu zote mapema anaweza kuendelea na mama bila kurudi nyuma. Mama naye anauliza, "Kilo ngapi, sista?" kabla hata ya kuuliza jinsia. Shemeji aliye nje anapiga simu kuuliza hichohicho. Hakuna mwongozo unaotaka uzito dakika ya tatu. Unaweza kusubiri saa nzima na mtoto asipungue kitu.

Kuhusu ngozi kwa ngozi, ambayo wote waliiandika kwenye karatasi, nilimuuliza muuguzi wa zamu ya usiku baada ya kazi kuisha, tukiwa tunakunywa chai.

"Dada, najua," akasema. "Lakini hesabu mikono. Huu una sindano ya oksitosini ya kuzuia damu, huu unashika kondo la nyuma. Mama anatetemeka, ameshaniambia hana nguvu ya kumshika. Nikimweka kifuani akaanguka, nani ataandika barua ya kujieleza?"

"Na ukimfunga na kanga?"

"Nimfunge wapi? Umemwona alivyovaa?"

Nilikuwa nimemwona. Mama alijifungua akiwa na sweta zito la kuvalia kichwani, shingo imebana, chini yake blauzi, chini yake fulana. Alikuwa amelivaa tangu nyumbani, na katika baridi ile ni nani angemwambia alivue? Kifua cha mama, ambacho ndicho kipasha joto cha kwanza kwenye kila mwongozo, kilikuwa kimefungwa kwa tabaka tatu za nguo zisizo na kifungo hata kimoja. Kulivua sweta lile katikati ya uchungu ni kazi ya watu wawili. Mtoto aliwekwa juu ya sufu, akafunikwa shuka, na kwenye fomu ikaandikwa kwamba ngozi kwa ngozi imefanyika.

Baada ya usiku huo nilianza kuangalia nguo. Mavazi ya aina hiyo ndiyo ya kawaida kwa akina mama wetu kuanzia mwezi wa tano. Mafunzo yote niliyopitia, hakuna mtu aliyewahi kutaja sweta. Nadhani ni kwa sababu vitabu na picha za ukutani huonyesha mama mwenye gauni la hospitali lililofunguka mbele, na kituo chetu hakina gauni hizo.

Jambo la madirisha nalo linastahili haki yake. Wahudumu huyafungua kila asubuhi na kuyaacha wazi, na wako sahihi, wamefundishwa kwamba hewa ipite ili kupunguza maambukizi, hasa kifua kikuu. Ila madirisha ni ya vioo vya luva, vipande kadhaa havipo, na hata yakifungwa upepo unapita juu ya kitanda cha kujifungulia. Kipimajoto cha ukutani tulichotundika kinasoma nyuzi 17 alfajiri, wakati leba inatakiwa iwe kati ya 25 na 28.

Juni

Mwezi wa kufanya. Naandika kwa ufupi yale yaliyokuwa mepesi.

Fundi ameziba vipande vya luva vilivyokosekana. Utaratibu wa hewa tumekubaliana na mhusika wa kuzuia maambukizi: madirisha wazi kati ya uzazi mmoja na mwingine, yanafungwa mama anapoanza kusukuma. Wama imehamishwa kutoka ukuta wa nje, fundi umeme amevuta soketi, na inawashwa mama anapoingia leba ili shuka na taulo zilizopangwa juu yake ziwe na joto mtoto anapofika. Mizani imewekewa kitambaa na imehamishiwa mlango wa chumba cha wazazi waliojifungua, mbali na kitanda. Hili la mwisho ndilo lililofanya kazi kuliko tangazo lolote, kwa kuwa mkunga hawezi tena kupima uzito njiani akigeuka.

Taulo mbili kwa kila mtoto: moja ya kumfutia, inatupwa pembeni, nyingine kavu ya kumfunika. Za kituo, siyo za mama. Zinafuliwa na kuanikwa hapahapa, na kwa mvua za manyunyu na ukungu wa Njombe kukauka ni kazi. Msaada wa muda ni kamba ndani ya chumba cha kufulia.

Vipimajoto vimeleta kisa. Vile vya kioo tulivyokuwa navyo vinaanza kusoma nyuzi 35. Mtoto wa 34 na mtoto wa 33 wote wanaonekana sawa: zebaki imetulia chini kabisa, muuguzi anadhani hakukiweka vizuri kwapani, anakiweka tena, anachoka, anaandika namba ya mazoea. Kwa miaka hatukuwa na chombo cha kumwona mtoto aliyepoa kweli. Sasa tuna vya kidijitali vinavyosoma hadi 32, na chini ya hapo vinaonyesha alama ya kwamba joto liko chini mno. Tumewaambia wote: alama hiyo siyo hitilafu ya betri. Ni dharura, muite daktari.

Usiku umeme ukikatika na betri zikiisha, kuna mkono. Unagusa nyayo na tumbo. Nyayo za baridi na tumbo la moto, mtoto ameanza kupoa. Vyote viwili vya baridi, ameshapoa. Mkono wa anayegusa uwe na joto kwanza, na Njombe hilo linahitaji kukumbushwa.

Sweta. Tumelimaliza kliniki ya wajawazito, siyo leba. Kwenye orodha ya vitu vya kuja navyo, pamoja na makintoshi, glovu na pamba, tumeongeza sweta la kufungua mbele au shati la vifungo, na kanga moja zaidi ya kumfungia mtoto kifuani. Hatukusema linunuliwe. Shati la baba linatosha, na akina mama walicheka tuliposema hivyo, ila wanakuja nayo. Mama akiingia leba na sweta la kichwani, tunambadilisha mapema kabla uchungu haujachanganya, na tunampa blanketi.

Mazoezi ni ya dakika chache wakati wa kukabidhiana zamu: mwanasesere, taulo mbili, kanga, mmoja anajifanya mama aliyechoka. Tunafuta, tunatupa taulo mbichi, tunamlaza kifudifudi kati ya maziwa, kichwa upande mmoja pua iwe wazi, kofia, taulo kavu mgongoni, kanga inapita chini ya makwapa ya mama na kufungwa fundo ubavuni. Mama hahitaji nguvu za mikono. Oksitosini inachomwa, kitovu kinakatwa mtoto akiwa hapohapo, kondo la nyuma linatoka, hata kushona kunaendelea, na mtoto hajaondoka. Muuguzi yule wa hesabu ya mikono ndiye sasa anayewafundisha wengine fundo.

Julai

Baridi kamili. Kipimajoto cha ukutani alfajiri hakijawahi kufika 25, hata madirisha yakiwa yamefungwa na wama ikiwaka. Tumefika 20 na kidogo. Sitaki kuliandika hili kwa lugha ya kujisifu wala ya kukata tamaa. Kiwango cha 25 hadi 28 ni sahihi kwa mtoto, jengo letu halikijui. Tunachoweza kukidhibiti ni upepo, unyevu na nafasi ya mtoto.

Jiko la mkaa limejitokeza, kama nilivyojua litajitokeza. Ndugu wamelileta chumba cha wazazi usiku, madirisha tumeyafunga wenyewe kwa ajili ya joto. Ndugu walikuwa na nia njema na sisi tulikuwa tumewatengenezea chumba cha kuwaua. Hewa ya sumu ya mkaa, isiyo na harufu, inaua mama na mtoto wakiwa wamelala. Mlinzi wa getini sasa amepewa agizo, na badala ya jiko tunatoa maji ya moto ya kunywa na blanketi la ziada kwa mama. Chupa za maji ya moto kando ya mtoto tumezikataa pia, ngozi ya mtoto inaungua haraka.

Njiti pacha wamezaliwa usiku, mmoja mwenye kilo moja na nusu, mwingine pungufu kidogo. Hawa ndio tuliowahofia tangu Machi. Zamani utaratibu wetu ungekuwa wama, pamba, kusubiri watulie, kisha gari. Mwelekeo umebadilika. Muhimbili ilikuwa mojawapo ya hospitali katika nchi tano, pamoja na za Ghana, India, Malawi na Nigeria, zilizojaribu kuanza huduma ya kangaruu, yaani kumfunga mtoto ngozi kwa ngozi kifuani kwa muda mrefu, mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto atulie, kwa watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8. Matokeo yalitoka 2021: waliokufa ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 12.0 kwa walioanza mara moja, dhidi ya 15.7 kwa waliosubirishwa. Jaribio lilisitishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa faida ilikuwa wazi. Mwaka uliofuata WHO ikapendekeza kangaruu ianze mapema iwezekanavyo, saa 8 hadi 24 kwa siku. Wazo lenyewe lilianza Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, katika hospitali iliyokosa vyumba vya joto vya kutosha. Nalitaja hili wodini kila mtu anaposema kangaruu ni huduma ya maskini. Ndiyo, ilianza kwa uhaba, na sasa inapendekezwa kwa kila nchi.

Mapacha hawa walipumua wenyewe, kwa hiyo mmoja alifungwa kifuani kwa mama. Wa pili? Mama mdogo wa watoto, dada yake mama, alikuwa nje kwenye benchi. Aliitwa, akaambiwa avue sweta.

"Mimi sijajifungua, sista, nitampa joto gani?"

"Joto lako ni lilelile, mama mdogo. Njoo."

Wakaenda hospitali ya rufaa wote wanne hivyo hivyo, wawili kwa wawili, blanketi juu, dereva akafunga vioo na kuwasha joto la gari. Muuguzi aliyewapokea alitupigia simu asubuhi: mmoja 36.6, mwingine 36.3. Huyo wa 36.3 ni wa mama mdogo, na kanga yake ililegea njiani. Tumeongeza kwenye mazoezi ya zamu kukaza fundo upya kabla gari halijaondoka.

Baba wa watoto alikuwepo pia, lakini hakuna aliyemfikiria. Wanaume wa huku hawavui shati mbele ya wakwe. Tukipata kona yenye pazia tutawaomba.

Jambo moja la pembeni. Kwa njiti wadogo sana kuna mbinu ya kumwingiza mtoto, bila kumkausha, kwenye mfuko safi wa plastiki hadi shingoni, kichwa nje na kofia juu. Ilijaribiwa pia Lusaka, Zambia, na ikazuia watoto kupoa. Tulipotaka kuiweka tayari, ikawa swali la mfuko utatoka wapi, kwa kuwa mifuko ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Juni 2019. Mfamasia anatafuta ile ya kufungia vyakula, iliyo safi. Mpaka ipatikane hatuigusi.

Agosti

Mwezi wa bibi.

Watumishi wote waliandika saa 24 kabla ya kuogesha, na kweli hawaogeshi. Wanaoogesha ni bibi zetu, mara tu mama anapofika chumba cha wazazi, kwa beseni na maji waliyokuja nayo kwenye chupa ya chai. Ule ute mweupe wa mtoto unawakera. Wengine wanauona uchafu tu. Wengine wanaona aibu, wakiamini ni alama kwamba wazazi walikutana siku za mwisho za ujauzito, imani ambayo watafiti waliikuta Lindi na Mtwara pia, kwa hiyo siyo ya huku peke yake. Mkwe akiuona ute ule, binti anasemwa. Kumwambia bibi "ni marufuku" hakusaidii, anasubiri sista atoke.

Muuguzi mmoja wa umri mkubwa, anayejua Kibena, alikaa na bibi mmoja, akamsalimia "kamwene" kwa taratibu zake, akamshika mkono akauweka kwenye unyayo wa mjukuu, kisha tumboni. Akamwambia: bibi, kazi yako usiku huu ni hii, kila ukiamka gusa hapa na hapa, pakiwa pa baridi niite. Ute ule, akamweleza, kila mtoto anazaliwa nao, ni mafuta yanayokinga ngozi yake, taulo limeshaondoa damu, harufu haitakuwepo, kesho jua likitoka tutamwogesha pamoja. Bibi akauliza kama watu hawatasema. Muuguzi akajibu kwamba wakisema, waambiwe sista ndiye aliyekataza, lawama abebe yeye. Bibi akaridhika. Usiku aliita, na miguu ilikuwa kweli imepoa, kanga ilikuwa imelowa mkojo.

Tangu hapo kila bibi anayelala wodini anapewa kazi hiyo. Mabeseni yamepungua. Hayajaisha.

Septemba

Baridi inaachia. Daftari la joto la saa ya kwanza limejaa namba zinazotofautiana, 36.4, 36.9, 36.1, 37.0, na hilo peke yake ni tofauti na mafaili ya Machi. Walio chini ya 36.5 bado wapo, zaidi usiku, na zaidi zamu ikiwa na mtu mmoja akina mama wakijifungua kwa kufuatana. Kwa hilo hakuna fundo la kanga litakalosaidia. Ombi la mtumishi wa pili wa usiku limeingia kwenye mpango wa kituo, na timu ya afya ya halmashauri imelipokea.

Nilipopanga daftari kwa njia ya kujifungua, kundi moja likajitenga: watoto wa upasuaji. Wanatoka 35 na ushee, mchana, wakati wowote, hata siku za jua. Chumba cha upasuaji kina kiyoyozi, na kiyoyozi kinawekwa kwa ajili ya watu waliovaa gauni, barakoa na glovu chini ya taa kali. Mtoto anatolewa humo akiwa mbichi, anapokelewa na msaidizi, anafutwa, anafungwa shuka la kijani lililotoka kabatini, anasubiri mezani mpaka mama ashonwe. Kifua cha mama kimejaa nyaya na vitambaa, na mikono yake imenyooshwa pembeni. Tulichofanya hadi sasa ni kupasha taulo kwenye wama na kuzipeleka zikiwa za moto, na kumpa baba au bibi mtoto ngozi kwa ngozi kwenye chumba cha kusubiria. Shati la baba, lile la orodha ya kliniki, limepata kazi nyingine hapa.

Daktari wa upasuaji anakubali kiyoyozi kizimwe kuanzia anapokata ngozi hadi mtoto atoke mlangoni. Mtaalamu wa usingizi hakubali: anasema jasho la timu likidondoka kwenye jeraha ni tatizo lake pia, na mama naye ana joto lake la kulindwa. Hoja yake ya pili inatusaidia sisi kuliko yeye, maana kiyoyozi hichohicho kinampoza mama pia, nami nitaiongea. Kikao kimepangwa wiki ya kwanza ya Oktoba, na ajenda ni moja: rimoti ya kiyoyozi itashikwa na nani.